Inchi 18 za Lami: Uchambuzi wa Mechi ya Royals na Yankees ya Mwaka 1983

Jumapili ya tarehe 24 Julai 1983, katika uwanja wa Yankee Stadium, Bronx, jijini New York, ilichezwa mechi ya besiboli iliyomalizika mara mbili. Mara ya kwanza iliisha siku ile ile, wenyeji New York Yankees wakitoka na ushindi wa 4-3. Mara ya pili iliisha Alhamisi ya tarehe 18 Agosti, siku 25 baadaye, na safari hii walioshinda ni wageni, Kansas City Royals, 5-4. Hapakuwa na hongo, hapakuwa na dawa za kuongeza nguvu, wala mchezaji aliyechezeshwa bila usajili. Kilichogombaniwa ni lami iliyopakwa kwenye gongo (la mti, si lile la chupa) ikavuka mpaka wake kwa inchi chache.

Kisa hiki hukumbukwa zaidi kwa picha ya George Brett akichomoka kibandani macho yamemtoka, mikono hewani, akimwendea mwamuzi. Picha ni tamu kweli. Lakini utamu wa kisa chenyewe uko kwingine: waamuzi walipima sawasawa, wakasoma kanuni iliyokuwa imeandikwa kweli kitabuni, na bado adhabu waliyotoa haikuwa yake.

Kwa aliyezoea soka, haya yatosha kuufuata mchezo. Mechi ina duru tisa, na katika kila duru wageni hupiga kwanza, kisha wenyeji. Timu inayopiga huendelea hadi watu wake watatu watolewe, yaani auti tatu, ndipo zamu ibadilike. Mpira hurushwa na mrushaji wa timu pinzani, aliyesimama juu ya kilima kidogo katikati ya uwanja. Mpigaji akifanikiwa kuzunguka besi zote, yaani vituo vya kukanyaga, hadi kurudi kwenye bamba la nyumbani alipoanzia, timu yake imepata mkimbio mmoja. Akiupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja ukiwa hewani, hiyo ni homurani: yeye na wenzake waliokuwa tayari kwenye besi huzunguka kwa raha zao, na mikimbio yote inahesabiwa.

Sasa tuingie duru ya tisa. Yankees wanaongoza 4-3, Royals wanapiga, auti mbili zimeshapatikana. Ikipatikana ya tatu, watazamaji zaidi ya 33,000 wanakwenda zao. U L Washington wa Royals akaupiga vizuri mpira wa mrushaji Dale Murray, akafika besi ya kwanza. Meneja wa Yankees, Billy Martin, akamtoa Murray akamwita Rich Gossage, mrushaji wa kufunga mechi, mtu wa mipira ya kasi isiyo na hila nyingi. Aliyekuwa anakuja kupiga ni Brett, mlinzi wa besi ya tatu wa Royals.

Hawa wawili walikuwa na deni la zamani. Yankees waliwatoa Royals kwenye fainali ya ligi miaka mitatu mfululizo, 1976, 1977 na 1978. Mwaka 1980 zikakutana tena, na ni Brett huyo huyo aliyempiga Gossage huyo huyo homurani ya mikimbio mitatu kwenye uwanja huo huo, Royals wakafuzu. Meneja wa Yankees aliyepoteza kazi baada ya kipigo hicho alikuwa Dick Howser. Na Jumapili hiyo ya 1983 Howser amekaa kibanda cha pili: ndiye meneja wa Royals.

Gossage akarusha juu, kwa kasi. Brett akaupiga ukatua jukwaani upande wa kulia. Washington akaingia, Brett akaingia, 5-4. Kwa kuwa hiyo ilikuwa nusu ya wageni, Yankees walibakiwa na nafasi yao ya kupiga, auti tatu nzima. Jambo hili tulishike, maana uamuzi uliofuata uliipora Royals mikimbio miwili na papo hapo ukaifunga mechi: Brett alipohesabiwa auti, ndiyo ilikuwa auti ya tatu ya duru ya tisa, na wenyeji walikuwa mbele.

Kabla Brett hajakaa vizuri kwenye benchi, Martin alikuwa ameshafika kwa mwamuzi wa bamba, Tim McClelland, akiomba gongo likaguliwe.

Lami inayozungumzwa hapa haihusiani na ya barabarani. Ni lami ya msonobari, inayopatikana kwa kuchoma magogo ya mti huo kwa moto wa taratibu usio na hewa ya kutosha, mpaka utomvu utoke mweusi, mzito, wa kunata. Mabaharia wa Ulaya waliitumia karne nyingi kuhifadhi kamba na mbao za merikebu. Wapigaji wa besiboli wanaitakia kazi moja: gongo lisiponyoke mkononi. Mchana wa Julai New York ni wa jasho, gongo ni mti laini uliopigwa msasa, na mpigaji anaanza kulizungusha chini ya nusu sekunde kabla mpira haujamfikia. Mkono ukiteleza hata kidogo, nguvu inapotea.

Namna ya kuipaka ni rahisi. Kitambaa kilicholowa lami husuguliwa kwenye mpini, au mchezaji huipaka juu zaidi ya pale mikono inaposhika, kisha anagusa hapo kwa kiganja kila anapotaka kunatisha mikono. Brett alikuwa mtu wa njia hii ya pili, na sababu yake ni ya kikazi: hakuvaa glovu za kupigia kama wenzake wengi. Alitaka ngozi yake ishike mti wenyewe. Kwa hiyo gongo lake lilikuwa na ghala la lami juu ya mpini, na kila mechi likiongezewa. Lami haikauki ikaisha. Inashika vumbi, inapakwa tena juu ya ile ya jana, inasogea kuelekea sehemu nene kidogo kidogo, na mwenye gongo hana habari kwa kuwa analiona kila siku. Gongo hilo alilipenda. Lilikuwa la aina ya T-85 kutoka Louisville, lenye mistari saba tu ya mti, na kwa mpigaji mistari michache na mipana ni dalili ya mti mgumu. Gongo la namna hiyo hulitupi kwa sababu limechafuka.

Kanuni ya 1.10 ilisema hivi kwa maana yake: mpini, kwa urefu usiozidi inchi 18 kutoka kitakoni, unaweza kupakwa au kufunikwa kwa kitu chochote cha kusaidia mshiko. Kitu hicho kikivuka mpaka huo, gongo litaondolewa mchezoni. Inchi 18 ni kama sentimita 46.

Tatizo la kwanza la McClelland lilikuwa la fundi yeyote aliyesahau kifaa chake: hakuwa na futi. Mwamuzi hubeba brashi ya kufagilia bamba, kihesabio na mipira ya akiba, lakini hakuna anayetembea na kipimo. Kilichokuwepo ni bamba la nyumbani lenyewe, kipande cha mpira mweupe chenye pembe tano, ambacho upande wake wa mbele, unaomtazama mrushaji, una upana wa inchi 17 kamili. Waamuzi wanne wakajadiliana, kisha gongo likalazwa juu ya bamba, kitako kikiwa sambamba na ukingo mmoja. Ukingo wa pili unapoishia, ongeza inchi moja kwa jicho, hapo ndipo lami ilipotakiwa kukoma. Haikukoma. Ilikwenda mbele, na kwa wazi kiasi kwamba kosa la inchi moja katika upimaji wa namna ile lisingebadili jibu. Royals wenyewe hawakuwahi kubisha juu ya kipimo. Huu si ugomvi wa kama mpira ulivuka mstari au haukuvuka.

McClelland, mtu wa futi sita na nusu, akalichukua gongo, akatazama upande wa kibanda cha Royals akimtafuta Brett, akamnyooshea, akaonyesha ishara ya auti. Yaliyofuata ni ile picha. Brett alizuiwa na mwamuzi kiongozi, Joe Brinkman, aliyemkaba shingoni kwa nyuma, pamoja na wenzake wa Royals. Katikati ya vurugu hizo mtu mmoja aliona mbali kuliko wote: Gaylord Perry, mrushaji mkongwe wa Royals, aliyepata sifa ya kupaka mipira mafuta na ambaye mwaka mmoja tu kabla alitolewa mechini kwa kosa hilo. Perry alielewa kwamba bila gongo hakuna ushahidi. Akalinyakua, likapitishwa mkono kwa mkono kuelekea ujia wa vyumbani. Brinkman na walinzi wa uwanja wakalifukuzia na kulipata. Kwa mwenye uzoefu wa Perry, kuficha ushahidi ilikuwa kama kufunga kamba za viatu.

Tuje kwenye kanuni, maana hapo ndipo mzigo ulipo.

Waamuzi walijenga hukumu yao kwa hatua tatu. Kwanza, gongo limevuka inchi 18, kwa hiyo halilingani na Kanuni ya 1.10. Pili, kitabu kilikuwa na tafsiri ya mpira uliopigwa isivyo halali, na mojawapo ya maana zake ilikuwa mpira uliopigwa kwa gongo lisilolingana na Kanuni ya 1.10. Tatu, Kanuni ya 6.06 ilisema anayepiga mpira isivyo halali ni auti. Ukizisoma hatua hizo moja baada ya nyingine, mlango umefungwa. Watu wanaodai kwamba waamuzi walijitungia kanuni siku ile hawajakifungua kitabu cha wakati huo.

Lakini kitabu hicho hicho kilikuwa na njia nyingine. Kanuni ya 1.10, pale pale ilipotaja inchi 18, ilitaja na adhabu: gongo litaondolewa mchezoni. Haikusema mpigaji ataondolewa. Haikusema mkimbio utafutwa. Mtunga kanuni anapoweka kosa na adhabu katika sentensi moja, adhabu hiyo ndiyo aliyoikusudia kwa kosa hilo, na haifai kuruka kurasa tano mbele kutafuta kali zaidi. Hakimu yeyote wa mahakama ya mwanzo anaijua njia hii: sheria mahususi hushinda sheria ya jumla.

Kuna ushahidi wa pili, na huu kwangu ndio mzito zaidi. Kanuni ya 6.06 ilikuwa na kifungu kinachohusu magongo yaliyochezewa ili mpira uende mbali au udunde isivyo kawaida. Kifungu hicho kilitaja mifano: gongo lililojazwa kitu ndani, lililobapwa, lililopigiwa misumari, lililochimbwa, lililotiwa mifereji, lililopakwa vitu kama parafini au nta. Orodha ndefu, tena yenye vitu vya kupaka. Lami ya msonobari haimo. Waandishi waliijua, kwa sababu waliiwekea mpaka wake kwenye Kanuni ya 1.10, na bado hawakuiingiza kwenye kundi la udanganyifu.

Na hawakuwa wamepitiwa, kwani lami ya mpini haisaidii mpira kwenda mbali. Chukua gongo la inchi 34 hivi. Mpira uliopigwa vizuri hugusana na sehemu nene kiasi cha inchi 5 hadi 7 kutoka ncha, yaani inchi 27 hadi 29 kutoka kitako. Lami ikivuka inchi 18 kwa inchi mbili au tatu, bado kuna nafasi tupu kubwa kabla ya kufika hapo. Ikifika, itauchafua mpira tu. Na kuchafua mpira ndiyo sababu ya mpaka wenyewe kuwepo: mpira wenye doa jeusi hauonekani vizuri, mwamuzi anautupa na kuita mwingine, na mipira ni pesa ya mwenye timu. Kwa maneno mengine, inchi 18 ilikuwa kanuni ya stoo. Ilitungwa kubana matumizi ya mipira, ikageuzwa kuamua nani mshindi.

Sasa Martin. Si kweli kwamba aliona lami ghafla baada ya homurani. Yankees walilifahamu gongo la Brett kabla ya siku hiyo, na Graig Nettles, mlinzi wao wa besi ya tatu, alikuwa na kumbukumbu maalum: mwaka 1975, wakicheza na Minnesota Twins, mdakaji wa Yankees Thurman Munson alihesabiwa auti kwa kosa hili hili la lami. Jeraha la zamani likageuzwa silaha. Ujanja wa Martin ulikuwa katika muda. Angelilalamikia gongo Brett alipokuwa anakuja kupiga, mwamuzi angemwambia Brett alete jingine, basi, na Brett angepiga kwa gongo safi. Angelilalamikia baada ya Brett kutolewa, asingepata chochote. Malalamiko yalikuwa na thamani pale tu Brett atakapofanya jambo kubwa. Kwa hiyo kosa linaachwa liendelee mechi baada ya mechi, likiwekwa akiba. Ni ujanja halali ndani ya mchezo, na Martin hakuwa mtu wa kuuonea haya, lakini unaonyesha ubovu wa tafsiri ile: kanuni inayomlipa anayenyamaza ina hitilafu.

Royals wakakata rufaa. Utaratibu wa wakati huo ulikuwa na milango miwili myembamba. Mlango wa kwanza ni muda: kwa kawaida meneja alitakiwa kutangaza rufaa kabla mpira unaofuata haujarushwa, lakini tukio likiwa ndilo lililomaliza mechi, alikuwa na nafasi hadi saa sita mchana siku inayofuata kuifikisha ofisi ya ligi. Mlango wa pili ni hoja: hukati rufaa juu ya kile mwamuzi alichokiona kwa macho, mathalani kama mkimbiaji aliwahi besi au la. Unakata rufaa juu ya kanuni kutumiwa vibaya, na uonyeshe kwamba kosa hilo limeharibu nafasi yako ya kushinda. Kesi ya Royals ilipita milango yote miwili bila kuinama. Kipimo walikikubali, walichopinga ni adhabu, na adhabu hiyo ndiyo iliyowapokonya mechi.

Aliyeamua ni Lee MacPhail, rais wa American League, ligi ambamo timu zote mbili zilicheza, ambaye kabla ya hapo aliwahi kuwa meneja mkuu wa Yankees hao hao. Na swali halikuwa geni kwake. Mwaka huo huo wa 1975 ilimfikia kesi ya gongo la John Mayberry wa Royals, baada ya waamuzi kukataa kumtoa kwa sababu ya lami licha ya California Angels kulalamika. MacPhail aliwaunga mkono waamuzi: lami si hila ya kuongeza umbali. Kwa hiyo tarehe 28 Julai 1983 alipokubali rufaa ya Royals, alikuwa anafuata njia yake mwenyewe ya miaka minane nyuma. Akasema lami iliyopita mpaka haiingii katika roho ya kanuni za magongo yaliyochezewa, na kwamba mechi ziamuliwe uwanjani. Kwa lugha ya viwanja vyetu, alikataa ushindi wa mezani.

Hoja hiyo ya roho ya kanuni ndiyo iliyopendwa na magazeti, na ndiyo dhaifu zaidi. Kila aliyeshindwa kwa kanuni huikimbilia roho yake. Angeisimamisha hukumu kwenye maneno ya 1.10 yenyewe, kwamba adhabu ya lami ni kuondoa gongo, asingewaacha McClelland na wenzake wakionekana kama watu walioua mchezo kwa kushika herufi. Walishika herufi za kifungu kimoja wakaziacha za kingine. Na aliyestahili lawama zaidi ni aliyekiachia kitabu kibaki na tafsiri ya mpira usio halali iliyobeba kila kilichomo ndani ya 1.10, kikubwa kwa kidogo.

Sehemu ya hukumu isiyosimuliwa sana ni kwamba MacPhail hakumpa Brett kila kitu. Homurani imerudi, mechi iendelee kuanzia pale ilipokatika, Royals wakiongoza 5-4, auti mbili, duru ya tisa. Lakini Brett ahesabiwe ametolewa mechini tangu baada ya homurani, kwa fujo zake. Howser na kocha Rocky Colavito vivyo hivyo, na Perry kwa safari yake na gongo. Dhulma uliyotendewa haikupi kibali cha kumvamia mwamuzi, na sehemu hii ya uamuzi haikuwa na kasoro. Mwenye Yankees, George Steinbrenner, hakumeza vizuri. Maneno aliyomtupia MacPhail yalimgharimu baadaye faini ya dola 250,000 kutoka kwa kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn.

Kabla ya tarehe 18 Agosti kulikuwa na kesi mahakamani pia, mashabiki wakigombania haki ya kuingia kwa vipande vya tiketi zao za Julai. Jaji mmoja wa Bronx akasimamisha mechi, na mahakama ya juu ikaiachia siku ile ile. Waliofika hatimaye walikuwa watu 1,245 katika uwanja wa makumi elfu.

Martin alikuja na hasira zake zimevaa jezi. Mrushaji wake Ron Guidry akampanga kiungo wa uwanja wa nje. Don Mattingly, mtu wa mkono wa kushoto, akampeleka besi ya pili. Kwa asiyeujua mchezo, hilo la pili ni kama kumpanga kipa awe winga. Mlinzi wa besi ya pili akishaokota mpira, kazi yake ya kila siku ni kuutupia besi ya kwanza iliyo kushoto kwake. Wa mkono wa kulia anatupa palepale alipo, ilhali wa kushoto lazima ageuze mwili mzima kwanza, na nusu sekunde hiyo ndiyo tofauti ya auti na besi. Ni kweli kulikuwa na mapengo, maana Jerry Mumphrey alishahamishiwa timu nyingine na Bert Campaneris alikuwa majeruhi, lakini upangaji ule ulikuwa ujumbe zaidi ya mbinu.

Kisha ikaja karata yake ya mwisho, na hii ilikuwa ya kanuni safi. Mkimbiaji anatakiwa aguse kila besi, hata kwenye homurani. Akiruka moja, mwamuzi hasemi kitu mpaka timu ya ulinzi idai: mpira ukiwa mchezoni, mrushaji anatoka kwenye kibao chake, anautupa kwenye besi inayodaiwa kurukwa, mwenzake anaikanyaga, mwamuzi anaamua. Dai hilo linakufa mara mrushaji anapomrushia mpigaji mpira unaofuata. Tangu homurani ya Brett hakuna mpira uliorushwa kwa mpigaji, hivyo baada ya siku 25 dai lilikuwa bado hai. Na waamuzi wa Agosti hawakuwa wale wa Julai. Martin alihesabu hivi: hawa hawakuwepo, hawakuona, watasemaje kwamba Brett na Washington waligusa besi zote?

George Frazier, mrushaji wa Yankees, akapanda kilima, akatupa besi ya kwanza. Mwamuzi akaonyesha salama. Akatupa ya pili. Salama. Martin akatoka kibandani kuuliza wanajuaje. Mwamuzi kiongozi, Dave Phillips, akaingiza mkono mfukoni akatoa karatasi: hati ya kiapo iliyosainiwa na waamuzi wa Julai, ikithibitisha kwamba wakimbiaji wote wawili waligusa kila besi. Ofisi ya ligi ilikuwa imeliwaza jambo hilo kabla yake. Martin, aliyeishi kwa kusoma kitabu kuliko wengine, alikutana na watu waliokisoma usiku uliopita. Akatangaza anacheza chini ya rufaa, akarudi kukaa.

Mchezo uliobaki ulikuwa mfupi. Hal McRae wa Royals akatolewa kwa straiki tatu, yaani kushindwa kupiga mara tatu, mbele ya Frazier, nusu ya wageni ikafungwa. Greg Pryor alishika nafasi ya Brett besi ya tatu. Dan Quisenberry, mrushaji wa Royals aliyerusha kutokea chini karibu na nyonga, akawakabili Mattingly, Roy Smalley na Oscar Gamble, watu watatu, auti tatu. Dakika 12 jumla. Mrushaji wa Royals Mike Armstrong akaandikiwa ushindi, Gossage akaandikiwa kipigo katika mechi ambayo mwezi uliopita aliondoka kilimani akiwa mshindi.

Kanuni iliwekwa sawa baadaye, na ukiisoma leo unaiona Jumapili ile kila mstari. Lami ikivuka inchi 18, mwamuzi, kwa kuona mwenyewe au kwa kuambiwa na wapinzani, humwamuru mpigaji achukue gongo jingine. Lile chafu anaweza kulirudia akishalisafisha. Ikigundulika baada ya gongo kutumika, si sababu ya kumpa mpigaji auti wala kumtoa mechini. Na wapinzani wasipolalamika kabla ya gongo kutumika, kilichotokea kimetokea. Mtego wa Martin umezibwa tundu lake hasa: anayenyamaza hapati kitu.

Gongo liko Cooperstown, katika jumba la makumbusho la besiboli, tangu mwaka 1987, na lami yake. Kwenye vitabu vya takwimu, mechi iliyokatizwa huandikwa kwa tarehe ilipoanza, na ya Agosti yote hurudishwa Julai. Kwa hiyo ukitafuta nani alicheza uwanja wa nje wa Yankees tarehe 24 Julai 1983, utamkuta Ron Guidry, ambaye siku hiyo hakukanyaga huko.